Nukta za Fokasi, Telekonvata na Kikomo cha f/8

Apecha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, hutajwa kwa namba inayopatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu hilo, na kwa sababu hiyo namba ikipanda tundu huwa dogo zaidi. Telekonvata, kifaa kifupi chenye vioo kinachofungwa kati ya kamera na lenzi, hurefusha fokasi bila kupanua tundu. Ndiyo maana lenzi ya mm 500 yenye f/4 hugeuka kuwa ya mm 700 yenye f/5.6 ikifungiwa telekonvata ya 1.4x, na ya mm 1000 yenye f/8 ikifungiwa ya 2x.

Katika kamera za DSLR, ambazo mwanga wake hupitia kwenye kioo kinachonyanyuka wakati wa kupiga, tundu hubaki wazi kabisa hadi kitufe kibonyezwe, kwa hiyo anayepiga kwa f/16 akitumia lenzi ya f/2.8 hana la kuhofia. Kinachoamua kama kamera itaweza kufokasi yenyewe ni apecha kubwa kuliko zote inayobaki baada ya telekonvata kufungwa. Kila nukta ya fokasi hulinganisha mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na ule uliopita upande wa pili, kisha, kwa kupima jinsi taswira hizo mbili zilivyoachana, hutambua lenzi isogezwe upande gani na kwa kiasi gani. Nukta nyingi zilibuniwa kupokea miale inayotoka kwenye tundu la f/5.6; tundu likiwa f/8, miale ya pembezoni inayotegemewa haipo tena, na hata jua la saa sita mchana haliirudishi. Wanaodhani kwamba tatizo ni giza peke yake wanakosea. Nukta za pembeni, ambazo hulitazama tundu kwa mshazari, huathirika mapema, na ya katikati hudumu zaidi.

Mfano mzuri ni Canon EOS 5D Mark III, ambayo mwanzoni iliishia f/5.6, lakini mwaka 2013 ikapewa programu mpya ya ndani iliyoiwezesha nukta ya katikati kufanya kazi kwa f/8. Nikon D4 ya mwaka 2012 ilikuwa na nukta 51, na kati yake 11 ziliweza f/8, ilhali EOS-1D X Mark II ya mwaka 2016 iliziwezesha zote 61. Mwenye lenzi ya mm 100-400 yenye f/4.5-5.6, anayetaka kuifungia telekonvata ya 1.4x, anapaswa kwanza kusoma mwongozo wa kamera yake, kwa kuwa akifika mm 560 atakuwa na f/8.

Akiwa na nukta moja tu, inafaa aielekeze kwenye mpaka ulio wazi kati ya weusi na weupe, kama vile ukingo wa mdomo wa ndege, badala ya manyoya ya rangi moja, na asogeze fokasi kwa mkono hadi karibu na umbali unaotakiwa kabla ya kuiachia kamera. Swichi ya lenzi inayozuia fokasi isirudi kwenye umbali mfupi husaidia sana, maana mfumo ukipotea huzunguka safari nzima, kwenda na kurudi, na ndege haungoji. Baadhi ya watu huziba kwa utepe pini za telekonvata ili kamera isitambue kwamba imefungwa. Kamera hujaribu kweli, lakini mara nyingi huyumba bila kutulia.

Kamera zisizo na kioo hupimia fokasi kwenye sensa yenyewe ya picha, na zimekisogeza kikomo mbali: EOS R5 ya mwaka 2020 huweza kufokasi hadi f/22, kiwango ambacho lenzi ya RF mm 800 yenye f/11 hufikia ikiwa na telekonvata ya 2x. Hata hivyo, kwa lenzi hiyo eneo la fokasi hubanwa katikati ya fremu, na kwa f/22 mwanga hupinda kwenye kingo za tundu kiasi cha kufifisha manyoya madogo, kwa hiyo kupiga bila telekonvata na kukata picha baadaye mara nyingi hutoa matokeo bora.