Jina la Klabu, Lugha ya Umma: Historia ya FC Barcelona na Funzo Lake kwa Wanakiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'aa gizani. Aghalabu methali hii hufunzwa kama wasia wa kuhimiza mwenendo mwema. Hata hivyo, mwanafunzi wa isimujamii anaweza kuisoma kwa jicho jingine. Jina ni kipande cha lugha, na lugha inayoteuliwa kutoa jina hudokeza ni nani aliye na mamlaka juu ya kitu kinachoitwa.

Makala haya yanaichunguza kauli hiyo kwa kufuatilia historia ya Futbol Club Barcelona, klabu ya michezo mingi iliyoko katika jimbo la Katalunya, kaskazini mashariki mwa Uhispania. Wengi wetu tunaijua kwa mabao ya Lionel Messi. Ni wachache wanaofahamu kuwa serikali iliwahi kuibadilisha jina kwa sababu za lugha, na kwamba wanachama wake walingoja zaidi ya miaka thelathini kabla ya kulirejesha. Hoja yetu ni kwamba lugha hudumu katika taasisi ya umma pale ambapo wenye taasisi hiyo wameamua kuitumia, na wana uwezo wa kuusimamia uamuzi wao.

Kuasisiwa kwa Klabu

Mnamo tarehe 22 Oktoba 1899, kijana wa Kiswisi aliyeitwa Hans Gamper alichapisha tangazo katika gazeti la Los Deportes la mjini Barcelona akiwatafuta watu waliopenda kucheza kandanda. Tarehe 29 Novemba mwaka huohuo, wageni na wenyeji walioitikia wito huo walikutana katika ukumbi wa Gimnasio Solé na kuiunda klabu.

Miaka ya mwanzo haikuwa rahisi. Kufikia mwaka 1908 klabu ilikuwa imebakia na wanachama 38 tu, nayo ilikaribia kuvunjwa. Gamper alitwaa urais, akawaendea wafanyabiashara na wakazi wa mji, na mwaka 1909 klabu ikapata uwanja wake yenyewe. Mwaka 1922 ilihamia uwanja mkubwa zaidi wa Les Corts.

Katika kipindi hicho klabu iliacha kutumia Kihispania katika shughuli zake rasmi na kuanza kutumia Kikatalani. Gamper naye aliacha kujiita Hans, akajiita Joan kwa Kikatalani. Jambo hili lina uzito kwetu. Aliyeipeleka klabu kwenye lugha ya wenyeji hakuzaliwa nayo, bali aliichagua. Ndiyo maana ya mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jina Gizani

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Mnamo Juni 1925, wakati wa utawala wa kiimla wa Miguel Primo de Rivera, mashabiki katika uwanja wa Les Corts waliuzomea wimbo wa taifa wa Uhispania uliopigwa na bendi ya wanamaji Waingereza. Serikali iliufunga uwanja, na Gamper akalazimika kuacha uongozi. Alifariki mwaka 1930.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1936, rais wa klabu, Josep Sunyol, alikamatwa na kuuawa na askari wa upande wa Jenerali Franco katika milima ya Guadarrama. Mwaka 1938 makao ya klabu yalipigwa bomu. Franco aliposhinda mwaka 1939, Kikatalani kiliondolewa shuleni, ofisini na redioni. Kufikia mwaka 1941, klabu ilikuwa imelazimishwa kujiita Club de Fútbol Barcelona, kwa mpangilio wa maneno wa Kihispania. Herufi FCB zikawa CFB. Katika nembo, mistari minne myekundu ya bendera ya Katalunya ilipunguzwa ikawa miwili.

Mtu asiye mwanaisimu anaweza kuuliza: kuna hasara gani maneno mawili yakibadilishana nafasi? Jibu ni kwamba watawala wenyewe waliiona tofauti hiyo kuwa kubwa kiasi cha kuitungia amri. Walielewa kuwa jina linalotamkwa na maelfu ya watu kila wiki ni tangazo la lugha lisilolipiwa.

Hata hivyo, amri ina mipaka yake. Mwalimu anaweza kukatazwa kufundisha kwa lugha fulani, na mtangazaji akanyimwa kipaza sauti, lakini umati wa maelfu hauwezi kuwekewa askari kwenye kila kinywa. Ndani ya Les Corts, na baadaye Camp Nou, uwanja uliofunguliwa Septemba 1957, watu waliendelea kuzungumza, kutaniana na kushangilia kwa Kikatalani. Jina la mkato, Barça, halikuhitaji kibali cha yeyote.

Kurejeshwa kwa Jina

Nuru ilirudi hatua kwa hatua. Mistari minne ya nembo ilirudishwa mwaka 1949, klabu ilipotimiza miaka hamsini. Mwaka 1968 Narcís de Carreras, alipochukua urais, alitamka kuwa Barcelona ni zaidi ya klabu, na kauli hiyo ikageuka kuwa kaulimbiu. Jina la asili lilirejeshwa katika msimu wa 1973–74. Mwaka 1974, klabu ilipoadhimisha miaka 75, ilizindua wimbo wake, Cant del Barça, ulioandikwa kwa Kikatalani na Josep Maria Espinàs na Jaume Picas. Haya yote yalitukia kabla ya Franco kufariki mnamo Novemba 1975.

Kisa cha mchezaji Johan Cruyff kinafaa kutajwa hapa. Mholanzi huyo alijiunga na klabu mwaka 1973. Mwanawe alizaliwa Amsterdam mwaka uliofuata, akapewa jina Jordi, ambalo ni la mtakatifu mlinzi wa Katalunya. Maafisa wa Uhispania walikataa kulisajili kwa kuwa majina ya Kikatalani hayakuruhusiwa. Cruyff alishikilia kuwa mtoto alikuwa amekwisha kusajiliwa Uholanzi kwa jina hilo, nao wakakubali shingo upande.

Klabu ya Michezo Mingi

Barcelona haikuwa ya kandanda pekee. Idara ya mpira wa vikapu ilianzishwa mwaka 1926. Mpira wa mikono na magongo ya viatu vya magurudumu zilifuata katika miaka ya 1940, na soka ya ukumbini mwaka 1978. Kufikia mwaka 2024, timu ya mpira wa mikono ilikuwa imetwaa ubingwa wa Ulaya mara kumi na mbili, ilhali timu ya kandanda ya wanaume ilikuwa imeutwaa mara tano: 1992, 2006, 2009, 2011 na 2015.

Safari ya wanawake ilikuwa ndefu zaidi. Wanawake walicheza mechi yao ya kwanza siku ya Krismasi mwaka 1970, lakini timu yao iliingizwa rasmi katika klabu mwaka 2002, na kufanywa ya kulipwa mwaka 2015. Baadaye ilitwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2021, 2023 na 2024. Mnamo Aprili 2022, watu 91,648 walijaza Camp Nou kuitazama ikicheza na Wolfsburg ya Ujerumani. Kila idara mpya iliwafungulia watu wengine mlango wa nyumba ileile, na wote walioingia waliikuta lugha ileile.

Nani Mwenye Klabu?

Sheria ya michezo ya Uhispania ya mwaka 1990 ilizitaka klabu za kulipwa zigeuzwe kampuni za hisa. Klabu nne zilisamehewa: Barcelona, Real Madrid, Athletic Bilbao na Osasuna. Hivyo basi Barcelona imebaki mali ya wanachama, ambao humchagua rais kwa kura.

Umiliki huu si kinga dhidi ya kila balaa. Mnamo Agosti 2021 uongozi ulitangaza kuwa klabu ilikuwa na madeni ya euro bilioni 1.35, na mwezi huohuo Messi akaondoka. Mwaka 2022 klabu iliuza robo ya mapato yake ya televisheni kutoka ligi ya nyumbani kwa kipindi cha miaka 25. Mwaka huohuo wanachama waliidhinisha mkataba wa kuliongeza jina la kampuni ya Spotify kwenye jina la Camp Nou. Tofauti na mwaka 1941, safari hii hapakuwa na amri ya dola. Wenye nyumba walipiga kura wenyewe, kwa kubanwa na deni.

Funzo kwa Wanakiswahili

Afrika Mashariki nayo imewahi kuyabadilisha majina ya klabu zake. Mwaka 1971, klabu ya Dar es Salaam iliyokuwa ikiitwa Sunderland, jina la timu ya Uingereza, iliitwa Simba. Nchini Kenya, Abaluhya ilibadilishwa jina mwaka 1980 kufuatia agizo la serikali dhidi ya majina ya kikabila, ikawa AFC Leopards. Nia ilikuwa kuwaunganisha wananchi. Lakini tazama lugha iliyoteuliwa: Watanzania waliacha Kiingereza wakachukua Kiswahili, ilhali Wakenya waliacha lugha ya mama wakachukua Kiingereza. Kiswahili, lugha ya taifa iliyokuwa tayari kuifanya kazi hiyo ya kuunganisha, kilirukwa. Mashabiki nao waliitafsiri Leopards kwa Kiluhya, na hadi leo huiita timu yao Ingwe.

Tusizidishe chumvi. Kikatalani hakikuokolewa na kandanda pekee. Kililindwa na wazazi nyumbani, waandishi, na shule zilizoanza kukifundisha tena baada ya Katalunya kupata mamlaka ya kujitawala mwaka 1979. Isitoshe, Kiswahili hakipigwi marufuku nchini Kenya. Tatizo letu ni kwamba kinasifiwa majukwaani kisha kinasahauliwa tunapofika kwenye mambo madogo kama majina, kumbukumbu za mikutano, tiketi na jezi. Amri ya kukipinga haikuhitajika.

Hitimisho

Historia ya FC Barcelona inaonyesha kuwa uamuzi wa lugha hufanywa katika mambo hayo madogo, na hufanywa na watu walio na kura. Vyama vyetu vya wanafunzi, vya ushirika na vya michezo vina wanachama wenye kura. Swali la lugha ya katiba na majina yao halina haja ya kungoja sera kutoka Nairobi.

Maswali ya Tafakuri

1. Linganisha kubadilishwa kwa majina ya klabu Uhispania (1941), Tanzania (1971) na Kenya (1980). Nia na matokeo vilitofautianaje?
2. Je, jina la utani la mashabiki linaweza kuchukuliwa kuwa upinzani wa kiisimu? Toa mifano.
3. Chunguza chama kimoja ambacho wewe ni mwanachama. Kumbukumbu zake huandikwa kwa lugha gani, na nani aliamua hivyo?