Kuzipanga Albamu Saba za Iron Maiden: Zoezi la Uhakiki

Katika insha zetu za uhakiki kuna neno moja linalorudi kila mara: «nzuri». Riwaya ni nzuri, shairi ni zuri, wimbo ni mzuri. Mwalimu naye huandika pembeni, kwa kalamu nyekundu: «Kwa nini?» Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kuzipanga albamu za kundi moja la Uingereza, kuanzia ya mwisho hadi ya kwanza. Mwenye kupanga hawezi kukwepa: akiiweka albamu moja juu ya nyingine, ni lazima atoe sababu.

Iron Maiden hupiga hevi metali, yaani muziki wa magitaa ya umeme yenye sauti kali na nzito. Lilianzishwa mashariki mwa London mwishoni mwa mwaka 1975 na Steve Harris, mpiga gitaa la besi. Kati ya mwaka 1980 na 1988 lilitoa albamu saba. Paul Di'Anno aliimba katika mbili za kwanza, Bruce Dickinson katika tano zilizofuata. Linatuhusu sisi watu wa lugha kwa sababu nyimbo zake nyingi zimetoka vitabuni. Hapo tunakutana na kile tunachokiita darasani mwingilianomatini.

Kigezo changu ni kimoja: usimulizi. Kwa kila albamu nauliza maswali matatu. Nani anasema? Wimbo umebakiza nini na kuacha nini kutoka matini chanzi? Je, fani ya muziki inayabeba maudhui, au inapita pembeni yake?

7. Killers (1981). Nyimbo mbili hazina maneno kabisa, kwa hiyo kigezo changu kinaiumiza. Hata hivyo, Murders in the Rue Morgue inafundisha. Katika hadithi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1841, mhusika mkuu ni Dupin, mwenye akili ya kufumbua fumbo. Wimbo umemtoa Dupin na kumweka mtu aliyekuta maiti, akashukiwa, akakimbia. Fumbo limegeuka kuwa hofu. Ni ubunifu, lakini haukuzwi sana.

6. Somewhere in Time (1986). Sauti ya magitaa yaliyounganishwa na sinthesaiza inapendeza. Usimulizi ndio unaolegea. Alan Sillitoe alisimulia, mwaka 1959, habari za kijana aliyefungwa katika shule ya kurekebisha tabia, ambaye anashindwa mbio kwa makusudi ili asiwape wakubwa wake furaha. Wimbo wenye jina lilelile umebakiza mbio na kuuacha uasi. Moyo wa hadithi umebaki kitabuni. Alexander the Great nao unataja tarehe na vita kama daftari la historia.

5. Iron Maiden (1980). Sauti ya Di'Anno ina ukali wa mtaani. Phantom of the Opera, unaotokana na riwaya ya Gaston Leroux, unapita dakika saba. Hausimulii riwaya nzima: anayeimba anamsemesha yule mzuka moja kwa moja, kwa nafsi ya pili. Muziki unabadilika ghafla mara nyingi, kama mtu anayewindwa katika vyumba vingi.

4. Seventh Son of a Seventh Son (1988). Hapa albamu nzima inazunguka imani ya kale kwamba mwana wa saba wa mwana wa saba huzaliwa na uwezo wa kuona yajayo. Inafunguliwa na kufungwa kwa ubeti uleule, ukiimbwa kwa gitaa lisilo la umeme, duara linakamilika. Lakini katikati uzi unalegea, na msikilizaji hupata shida kujua ni nani anayesema.

3. Piece of Mind (1983). Linganisheni The Trooper na shairi la Tennyson kuhusu shambulio la wapanda farasi huko Balaklava, mwaka 1854. Tennyson anawatazama kwa mbali, mia sita kwa pamoja, na kuwatukuza. Wimbo unachagua askari mmoja, kwa nafsi ya kwanza, naye anakufa peke yake bila wa kumsikia. Utukufu umeondoka, umebaki mwili. Chini yake besi na ngoma zinapiga mwendo wa farasi anayekimbia. Kinachoishusha albamu ni To Tame a Land, unaotokana na riwaya ya Frank Herbert, Dune. Mwandishi alikataa jina la kitabu chake litumike; nao wimbo umejaa msamiati wa riwaya hiyo, hata asiyeisoma hupotea.

2. The Number of the Beast (1982). Jina lake, kutoka Ufunuo sura ya 13, liliwatia watu hofu. Marekani baadhi ya makundi ya Kikristo yalichoma santuri za kundi hili. Walisahau somo letu la kwanza: nafsi inayosema katika wimbo si mtunzi. Wimbo huo unasimulia jinamizi, na anayesema ameshikwa na woga. Run to the Hills una sauti tatu: kwanza wenyeji wa Marekani waliovamiwa, kisha askari wanaowawinda, mwishoni msimulizi wa nje. Hallowed Be Thy Name unafunguka kwa kengele na sauti ya chini ya mtu anayengoja kunyongwa. Kadiri muda wake unavyokwisha, ndivyo muziki unavyoongeza kasi.

1. Powerslave (1984). Zamani niliiweka ya tatu. Nilibadili mawazo baada ya kusoma shairi refu la Coleridge la mwaka 1798 kuhusu baharia mzee aliyemuua ndege albatrosi, kisha nikasikiliza Rime of the Ancient Mariner nikiwa na shairi mkononi. Wimbo unazidi dakika kumi na tatu. Umebakiza nguzo zote: mgeni wa arusi anayezuiwa njiani, laana, mabaharia wanaokufa, nyoka wa majini wanaobarikiwa, na adhabu ya kusimulia daima. Merikebu inapokwama bila upepo, magitaa nayo yananyamaza. Inabaki besi, mlio wa mbao, na sauti inayosema beti za Coleridge mwenyewe. Nilikuwa nikikiona kipande hicho kirefu na cha kuchosha. Kumbe kuchoka kwangu ndiyo maana yake: nilikuwa nimekwama pamoja nao.

Albamu hii ina kasoro. Katikati kuna nyimbo mbili zinazofuatana kuhusu mapigano ya panga, na moja ingetosha. Lakini hakuna kati ya nyingine sita ambamo matini chanzi, nafsi inayosema na muziki vimeshikana hivi.

Orodha hii si sheria. Anayepima kwa uzito wa nyimbo fupi angeweza kuipa The Number of the Beast nafasi ya kwanza, wala asingekosea. Angekuwa amebadili kigezo. Kosa ni kupanga bila kigezo, au kukificha. Nami nisingejua kosa langu la zamani kama nisingerudi kusoma na kusikiliza.

Maswali ya kujadili

1. Chagua wimbo mmoja uliotajwa na usome matini chanzi. Nini kimeachwa, na kuachwa huko kumebadili nini?
2. Panga upya albamu hizi kwa kigezo chako mwenyewe. Kitaje kabla ya kuanza.
3. Tafuta katika insha yako ya mwisho kila mahali ulipoandika «nzuri». Weka sababu mahali pake.