Mwongozo kwa Wasanii wa Modeli: Kuijenga Misri ya Kale katika Mchezo wa Mikakati

Mwongozo huu unawahusu wachoraji na waundaji wa modeli za pande tatu waliokabidhiwa kazi ya kuijenga Misri ya Kale ndani ya mchezo wa kompyuta wa mikakati ya kivita.

Kabla ya kuchora chochote, timu ikubaliane kuhusu karne. Misri ya mafarao ilidumu takriban miaka 3,000, na makosa mengi hutokana na kuichukulia kama zama moja. Askari wa Khufu, aliyejengewa piramidi kubwa ya Giza karne ya 26 KK, hakumjua farasi. Farasi na gari la vita vilienea Misri zama za Wahiksosi, watawala wa kigeni waliotangulia Ufalme Mpya, na upanga uliopinda, yaani khopeshi, ni silaha ya Ufalme Mpya, zama za Tutankhamun na Ramses II. Ngamia wa mizigo, ambaye wachoraji humtupia jangwani kwa mazoea, hana nafasi katika jeshi la Ramses II.

Ikiwa mchezo unahusu Ufalme Mpya, gari la vita ndilo linalostahili muda wenu mwingi. Kielelezo bora ni magari sita ya kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922. Mwili wa gari ni fremu nyepesi ya mbao zilizopindwa, nyuma ni wazi, na ekseli iko nyuma kabisa, karibu chini ya visigino vya dereva. Ekseli ikisogezwa katikati, gari hugeuka kuwa mkokoteni, hata likipambwa kwa dhahabu. Gurudumu liwe na spoku sita. Wapandaji ni wawili: dereva na mpiga mishale. Wahiti waliopigana na Ramses II huko Kadesh, takriban mwaka 1274 KK, wanaonyeshwa kwenye kuta za mahekalu yake wakiwa watatu garini. Tofauti hiyo ni zawadi kwenu, kwa kuwa mchezaji anayetazama uwanja kutoka juu haoni sura za watu, ila huhesabu vichwa. Poligoni zitumike kwenye umbo la nje. Pua ya askari isubiri.

Kwa askari wa miguu, chunguzeni sanamu za mbao za kaburi la Mesehti wa Asyut, ambazo ni za zamani kuliko Ufalme Mpya: Wamisri 40 wenye mikuki na Wanubi 40 wenye pinde. Ngao ni za ngozi ya ng'ombe, na mabaka yake hayafanani. Picha nne au tano tofauti za ngozi zitaondoa ule ubaridi wa kikosi cha pacha. Wanubi wapewe kikosi chao chenye nguvu zake. Walisifika kwa upinde, wala hawakuwa wasindikizaji tu.

Rangi ya vumbi isitawale ramani. Tunachokiona leo ni magofu. Hekalu jipya lilipakwa nyekundu, manjano, kijani na ile buluu ya kutengenezwa kwa shaba, na baadhi ya rangi hizo bado zipo kwenye hekalu la Medinet Habu. Piramidi ya Khufu ilivikwa mawe meupe ya chokaa. Nyumba, hata majumba ya wafalme, zilikuwa za matofali ya udongo. Mawe yaachiwe mahekalu na makaburi.

Mashua zihuishwe kwa kufuata Nile: mto hutiririka kuelekea kaskazini, lakini upepo huvuma zaidi kuelekea kusini. Kwa hiyo chombo kinachokwenda kusini kitweke tanga, kinachokwenda kaskazini kilishushe na kupiga makasia.

Maandishi ya ukutani yasibuniwe. Nakilini maandishi halisi. Alama za watu na wanyama huelekea mwanzo wa mstari. Waandishi wa Misri waliandika pande zote mbili, na mara nyingi walilinganisha miimo miwili ya mlango kama kioo. Kwa hiyo kugeuza picha moja kwa ajili ya mwimo wa pili, ili kuokoa kumbukumbu ya mashine, kunakubalika kabisa, mradi alama zote zigeuke pamoja.