Miraba ya Viraka Ilingane: Pasi Kwanza, Rula Baadaye

Vikundi vingi hugawana kazi ya blanketi la viraka: mmoja anakata, wengine wanashona miraba nyumbani, halafu siku ya mkutano mnaunganisha. Hapo ndipo maneno huanza. Mraba wa huyu una inchi 9½, wa yule 9¼, pembe hazikutani, na kila mtu anasema cherehani ya mwenzake ni mbovu. Kumbe kitambaa kimeshakatwa, mteja anangoja, na pesa za kikundi zimo humo ndani.

Tuchukue mraba wa viraka tisa, tatu kwa tatu. Kila kiraka kinakatwa inchi 3½ kila upande. Mshono ukila robo inchi, mraba mzima utakuwa inchi 9½ kabla haujaungwa na mwingine. Sasa tuseme mshono wako umezidi kwa 1/16 ya inchi tu. Mshono hushika vitambaa viwili, basi umepoteza 1/8. Safu ya viraka vitatu ina mishono miwili, na hiyo ni robo inchi imekwenda. Unga miraba 8 kwa upana: mishono ni 23, na blanketi limepungua karibu inchi 3!

Usiamini kile kibati kinachobana kitambaa. Weka rula chini ya sindano, shusha sindano kwa mkono, pima robo inchi kwenda kulia, ubandike plasta hapo iwe mpaka wako. Kisha jaribu: shona pamoja vipande vitatu vya upana wa inchi 1½, piga pasi, upime. Cha katikati kiwe inchi 1 kamili. Kikipungua, sogeza plasta kidogo sana kuelekea sindano, kwa sababu ule mkunjo wenyewe pia hula uzi mmoja au wawili.

Pasi ndiyo wengi hudharau, tena tunaelewa, makaa ni pesa. Lakini mshono usiopigwa pasi umejikunja, na ukiupima unajidanganya. Shona vipande vingi kwanza, ndipo uwashe pasi mara moja. Pasi iwekwe na kuinuliwa, isiburutwe kama unavyonyoosha shati. Kuburuta kunavuta kitambaa, hasa kilichokatwa mshazari, na mraba unapinda. Kandamiza mshono ukiwa umefungwa, halafu ufungue na kuulaza upande wa kitambaa cheusi zaidi ili usionekane kwa juu. Safu ya kwanza na ya tatu ilale kulia, ya pili kushoto. Safu zikikutana, mishono itashikana yenyewe na pembe zitakaa sawa. (Hapo rangi ikikataa, fuata mpangilio wa safu.)

Pasi ya makaa ifutwe majivu, ijaribiwe kwenye kipande kibovu. Mabaki ya fundi huwa yamechanganyika, na poliesta huyeyuka. Leso na kitenge kipya vifuliwe kabla ya kukatwa, la sivyo vitarudi na kuchuja rangi baada ya mteja kufua.

Kikundi kitumie rula moja kwa wote. Futi ya kitambaa huvutika ikizeeka. Mchague mtu mmoja wa kupima kila mraba unapoletwa, kabla malipo hayajaandikwa kitabuni. Uliopungua usivutwe kwa pasi. Ufumuliwe siku hiyo hiyo, mwenyewe akiwapo.