Shamba la mbalamwezi kwa rangi za maji

Wengi wanaochora maisha ya wakulima huanza na mkulima: jembe, kikapu, jasho. Mimi nakushauri uanze na mwanga, na mwalimu wangu katika hili ni mchoraji Samuel Palmer. Mnamo 1830 hivi, akiishi kijijini Shoreham, Kent, Uingereza, alichora shamba la ngano usiku baada ya mavuno: hilali kubwa, Zuhura pembeni yake, miganda imesimamishwa, na mtu mwenye fimbo akipita na mbwa. Mchoro huo uko British Museum, na ukubwa wake haupishani sana na karatasi ya A4.

Tafuta karatasi nzito ya gramu 300. Ile ya fotokopi itakunjamana. Pale utakapokaa mwezi weka kifuniko cha soda, ukizungushie penseli kidogo. Weupe wa hilali ni karatasi yenyewe, kwa hiyo usiiguse kwa brashi. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, maana rangi za maji hazifutiki kwa urahisi. Chora miganda kwa wino wa kahawia usiochujuka, uache ukauke.

Anga lipake rangi nyepesi, likauke kabisa, kisha rudia mara tatu au nne. Ukiwa na papara utapata tope. Sehemu ya mwezi iliyo gizani ipake mara moja tu, ionekane kwa mbali kama Palmer alivyoionyesha. Ncha za miganda zinataka rangi nzito: njano iliyotiwa nyeupe. Halafu kuna gundi ya mgunga, ile inayotoka kwa wingi Sudan. Tone dogo ndani ya rangi ya giza huipa kina na mng'ao. Ukizidisha, itapasuka.

Mtu mweke mwisho, asiuzidi mganda kwa kimo, na uso wake usihangaike nao.

Karibu na wakati huo, mwaka 1830, vibarua wa Kent, waliochoshwa na ujira duni, walivunja mashine za kupuria na kuchoma mirundo ya nafaka. Katika mchoro wa Palmer hakuna moshi. Simlaumu, lakini ukichora shamba la kwenu, amua mapema utakachokiacha nje, usije ukakiacha kwa kutokijua.

Na majaribio yaliyoharibika usiyatupe. Mwaka 1909 mtoto wa Palmer alichoma moto madaftari na michoro mingi ya baba yake, na hatutajua kamwe tungejifunza nini humo.