Fundisha kwa Simu, Mjue Mwanafunzi Wako

Una grupu la WhatsApp la kidato cha nne. Unatuma notsi, tiki zinageuka bluu, hakuna anayejibu. Usikate tamaa. Kijana humjibu mwalimu anayejua kwamba anamfahamu. Fanya hivi.

Fungua daftari la wanafunzi. Kwa kila mmoja, andika jina analopenda kuitwa, anakoishi (kwa wilaya ya Kilosa, labda Kimamba, Ulaya au Mikumi mjini), simu ni ya nani na saa ngapi anaishika. Wengi wanatumia simu ya mama au kaka. Mama akirudi sokoni saa moja jioni, hiyo ndiyo saa ya somo.

Anza na mzazi. Mpigie mwenye simu, msalimie, jieleze, omba ruhusa. Usimtumie mtoto wa watu ujumbe wa usiku wala wa faragha. Mzazi akikuamini, yeye mwenyewe atamkumbusha mtoto kazi ulizotuma.

Tuma sauti. Video inakula bando. Sauti ya dakika mbili inafika hata mtandao ukisuasua. Taja wanafunzi wawili watatu kwa majina na walichofanya vizuri. Kesho taja wengine.

Tumia mifano ya kwao. Kwenye fizikia, wakokotoe muda wa treni ya SGR inayopita Kilosa, ikienda kwa kilomita 160 kwa saa. Kwenye baiolojia, wapange mlolongo wa chakula wa Hifadhi ya Mikumi: nyasi, nyumbu, simba. Kisha waulize nani amewahi kuwaona wanyama hao. Hata wakimya watajibu.

Sahihisha kwa jina. Mwanafunzi apige picha daftari lake akutumie. Mjibu kwa sauti: jambo moja alilopatia, moja la kurekebisha. Yatosha.

Mtafute aliyenyamaza. Kila Ijumaa pitia daftari lako. Aliyekaa kimya wiki nzima, mpigie kupitia mzazi. Kazi ije baadaye; kwanza uliza habari za nyumbani. Huenda anaamia ndege kwenye mpunga, au Mto Mkondoa umefurika na familia imehama. Mpe swali moja jepesi la kuanzia tena.

Kutaneni ana kwa ana. Hata mara moja kwa muhula, omba darasa kwenye shule iliyo karibu na wengi. Nauli ikiwa kikwazo, wagawe: wa upande wa Kilosa mjini siku yao, wa Mikumi yao. Sura mliyoiona mlipokutana hurahisisha mazungumzo ya simu miezi inayofuata.

Majina ni mengi? Anza na matano leo. Chagua yale ambayo hujayasikia muda mrefu.