Kuchagua dpi Sahihi Unaposkani Picha za Zamani

Skana husoma picha kwa kuigawa katika vinukta vidogo viitwavyo pikseli. Idadi ya pikseli zinazosomwa katika inchi moja huandikwa kwenye mashine kwa herufi dpi. Skana ikiwekwa 300 dpi, inchi moja ya mraba hutoa pikseli 300 × 300 = 90,000. Ukipandisha hadi 600 dpi, eneo lile lile hutoa pikseli 360,000. Hiyo ni mara nne, si mara mbili. Hapa ndipo alama nyingi hupotea, kwa hiyo soma aya hii tena kabla ya kuendelea.

Swali likikuuliza dpi ipi inafaa, usikimbilie namba kubwa kuliko zote. Tazama ukubwa wa picha ya asili, kisha ukubwa wa nakala inayotakiwa:

dpi ya kuskani = dpi ya kuchapa × (upana wa nakala ÷ upana wa picha ya asili)

Mfano. Familia moja ya Segerea ina picha moja tu ya babu, paspoti ya milimita 35 kwa 45. Inataka nakala ya sentimita 21 kwa 27 ya kuweka kwenye fremu sebuleni. Itachapwa kwa 200 dpi, ambayo inatosha kwa picha ya ukutani kwa kuwa hutazamwa kwa mbali. Skana iwekwe dpi ngapi, na faili la rangi lisilobanwa litakuwa na ukubwa gani?

Jibu. Picha inakuzwa mara 210 ÷ 35 = 6. Basi skana iwekwe 200 × 6 = 1200 dpi.

Inchi moja ni milimita 25.4.
Upana: 35 ÷ 25.4 × 1200 = pikseli 1,654
Urefu: 45 ÷ 25.4 × 1200 = pikseli 2,126
Jumla: 1,654 × 2,126 = pikseli 3,516,404

Kila pikseli ya rangi huchukua baiti 3, kwa hiyo faili ni baiti 10,549,212, karibu MB 10.5.

Sasa fikiria picha hiyo hiyo imepelekwa steshenari ya Segerea Mwisho, ikaskaniwa kwa 300 dpi kama cheti cha kuzaliwa. Ikikuzwa mara 6 inabaki na 50 dpi tu, na uso wa babu utaonekana kama vigae. Kwa barua na vyeti 300 dpi inatosha kabisa. Kwa paspoti inayokuzwa, haitoshi. Na picha ya asili ikirudi sandukuni ikaliwa na mchwa au kulowa mvua, hakuna cha kuskani tena.

Mashine nyingi za fotokopi zinazoskani huishia 600 dpi. Kwa kazi hii uliza skana bapa, ile ya kufunua kifuniko na kulaza picha juu ya kioo. Angalia pia uwezo wake halisi wa kusoma. Baadhi hutangaza maelfu ya dpi, kumbe programu inabuni pikseli za kujaza nafasi kati ya zile zilizosomwa kweli. Faili linanenepa, lakini picha haiongezeki chochote. Vivyo hivyo, dpi kubwa hairudishi sura iliyokwisha kufifia kwenye karatasi.

Negativu ni habari nyingine. Fremu ya filamu ya milimita 35 ina upana wa milimita 36 tu, hivyo nakala ya sentimita 30 kwa 300 dpi huhitaji 2500 dpi, na skana yenye taa ya kumulika filamu.

Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu madoa ya manjano hurekebishwa kwa urahisi zaidi rangi zikiwepo. Skani na mgongo wake, kwa maana tarehe na muhuri wa studio mara nyingi viko huko. Hapo 300 dpi inatosha. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, kwani ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa pikseli.

Zoezi. Picha ya rangi ya sentimita 10 kwa 15 inatakiwa kuchapwa sentimita 20 kwa 30 kwa 300 dpi.
(a) Tafuta dpi ya kuskani.
(b) Tafuta ukubwa wa faili lisilobanwa.
(c) Flashi yenye nafasi ya MB 1,000 itabeba mafaili mangapi kama hayo?

Majibu: (a) 600 dpi (b) karibu MB 25.1 (c) 39